Somo la 12: Njia Ndefu ya Kwenda Shule

Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma ukiwa mtu mzima. Unajua thamani ya darasa. Bila shaka unataka mwanao asome akiwa bado mtoto. Lakini je, umewahi kuipima njia anayopita kila siku?

Mjini Sumbawanga baadhi ya watoto hupelekwa shule kwa basi dogo la shule. Wazazi wao hulipia. Katika vijiji vingi vya Ufipa hakuna basi la namna hiyo. Mabasi ya abiria hupita barabara kuu, kama ile ya kwenda Tunduma kupitia Laela. Vijiji vingi viko mbali na barabara hiyo. Kwa hiyo mtoto hutembea kwa miguu.

Tupige hesabu

Tuseme shule ya sekondari ya kata iko kilomita 8 kutoka nyumbani. Mtoto hutembea kilomita 4 kwa saa moja. Atatumia saa 2 kwenda na saa 2 kurudi. Hizo ni saa 4 kwa siku. Kwa siku 5 ni saa 20. Kila juma saa 20 zinaishia njiani.

Kama masomo huanza saa 1:30 asubuhi, mtoto huyo lazima aondoke nyumbani saa 11:30 alfajiri. Ufipa iko magharibi ya nchi yetu. Huku jua huchomoza karibu nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam, lakini saa tunazofuata ni zile zile. Mwezi wa Juni na Julai jua la Sumbawanga huchomoza karibu saa 1 asubuhi. Hivyo sehemu kubwa ya safari ni giza na baridi kali. Wakati wa mvua, vijito hujaa. Mtoto hurudi nyumbani, au hujaribu kuvuka na kuhatarisha maisha yake.

Mtoto wa namna hii akisinzia darasani, usiseme upesi kwamba ni mvivu. Akianza kukaa nyumbani siku moja, kisha siku mbili, mwisho huacha shule kabisa. Kuanzia mwaka 2016 ada ya kidato cha 1 hadi cha 4 ilifutwa katika shule za serikali. Ada imeondoka, lakini njia bado ni ndefu.

Hatari ya lifti

Mtoto aliyechoka hukubali lifti upesi. Dereva wa lori au wa pikipiki humpakia bila nauli, leo na kesho. Wengine hufanya hivyo kwa wema. Lakini wako wanaodai malipo baadaye, hasa kwa wasichana. Mwambie binti yako mapema kwamba lifti si deni. Mwambie akuambie bila hofu mtu akimsumbua. Nawe ukiambiwa, msikilize, kisha peleka habari kwa viongozi na polisi. Tangu mwaka 2016 sheria inasema kwamba mtu anayempa mimba mwanafunzi atafungwa miaka 30.

Mnaweza kufanya nini?

Kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Basi, nawe una haki ya kusimama na kusema. Taja kilomita na saa ulizohesabu. Haya yanaweza kujadiliwa:

1. Watoto waende kwa kundi. Wakubwa waongozane na wadogo. Wazazi wapeane zamu ya kuwasindikiza alfajiri.

2. Wanakijiji wajenge kivuko imara mahali pa hatari kabla ya mvua za Novemba.

3. Kamati au bodi ya shule izungumze na mwalimu mkuu juu ya saa ya kuanza masomo wakati wa giza.

4. Kijiji kiombe shule shikizi. Hii ni shule ndogo ya madarasa ya chini, iliyo chini ya shule mama. Watoto wadogo husoma karibu na kwao.

5. Wazazi wajenge bweni karibu na sekondari. Lazima liwe na mlezi. Chumba cha kupanga mtaani kisicho na mtu mzima si bweni.

6. Wazazi wakikodi gari, wakague breki, taa na viti, na waone leseni ya dereva. Waulize pia kibali cha LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Kila mtoto awe na kiti chake. Gari bovu ni hatari kuliko njia ndefu.

Si lazima mfanye yote kwa mara moja. Anzeni na moja. Lakini pangeni nani atafanya, na siku gani. Katibu aandike, nawe usome alichoandika. Kusoma kwako kutamsaidia mwanao kufika shuleni.

Maswali

1. Kwa nini mtoto wa Ufipa hutembea gizani zaidi mwezi wa Juni?

2. Shule shikizi ni nini?

3. Hesabu: Nauli ni shilingi 500 kwenda na shilingi 500 kurudi. Mwezi una siku 20 za masomo. Mzazi atalipa shilingi ngapi kwa mwezi?

4. Mwulize mtoto wako anatumia saa ngapi njiani. Andika jibu lake, kisha lilete darasani.