Masazo ya shamba na soko: namna ya kulisha jiko la kanisa bila kuleta madhara



Somo la leo ni masazo, yaani mazao mazuri yanayobaki kwa sababu dalali kayakataa: nyanya ndogo, kabichi iliyochanika majani ya nje, mchicha uliobaki kwenye tuta. Jambo hili si geni. Mambo ya Walawi sura ya 19 inamkataza mkulima kuvuna hadi pembe za shamba, ili maskini na mgeni wapate. Ruthu aliokota shayiri shambani kwa Boazi, na hakupewa uchafu.

Pita Kariakoo jioni utaelewa. Nyanya imetoka Ilula, kabichi Lushoto, zimelipiwa usafiri na ushuru, halafu zinaishia jalalani. Na mjini humu humu yapo makanisa yanayowapikia wazee na watoto wasio na kitu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu. Nilikusanya mchicha uliobaki kwenye matuta ya kikundi cha vijana, nikaupeleka kanisani Jumamosi. Mama mpishi akaniuliza, "Mwanangu, huu umepigwa dawa lini?" Nikapiga simu. Ulipigwa juzi yake tu! Tukaumwaga wote, wazee wakala ugali na maharage bila mboga. Afisa ugani mzima! Tangu siku ile nafuata haya:

1. Anza na daftari. Andika dawa, tarehe uliyopiga, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko. Siku hazijatimia? Usitoe, na usiuze pia.

2. Angalia maji. Mto Msimbazi unapokea majitaka ya mji. Mboga iliyomwagiliwa maji hayo usiipeleke. Kuosha kunatoa tope, hakutoi madini mazito yaliyoingia ndani ya jani.

3. Chambua. Nyanya ndogo au iliyopinda ni sawa, iliyooza hapana. Mahindi na karanga zenye ukungu usitoe kabisa, maana sumukuvu haiishi kwa kupika.

4. Uliza jiko kwanza. Wanapika siku gani, watu wangapi, wana pa kuhifadhi? Mchicha ukate asubuhi na ufike siku hiyohiyo, hauvumilii joto la Dar.

5. Pima na uandike kilo. Hapa ndipo biashara yako inapofaidika. Ukiona kila wiki unatoa kreti tatu, ujue umepanda kuliko soko lako, au unachelewa kuvuna. Rekebisha hapo. Kisha tenga tuta moja la kanisa kwa makusudi. Mchicha uko tayari kwa wiki tatu hadi nne, kwa hiyo unaweza kusia mbegu ukijua utavuna kwa ajili ya Jumapili ipi.

Mimi kipimo changu ni hiki: mboga ambayo usingempikia mama yako, usiipeleke kanisani.

Tukutane shambani.