Mate ya Mtoto Yanahitaji Mapumziko

Kuna watoto ambao hawanunuliwi pipi, wanapigishwa mswaki kila asubuhi, na bado wakifika miaka mitatu meno yao ya mbele ya juu yamebaki vigutu vya kahawia. Mzazi hujiuliza amekosea wapi. Mara nyingi tatizo ni ratiba ya mdomo: chai ya sukari saa moja, biskuti saa tatu, juisi ya kunyonywa kidogo kidogo mpaka adhuhuri, andazi saa kumi, kisha chupa ya maziwa yenye sukari kitandani. Mdomo wa mtoto huyo hautulii kutwa, na mate yake hayapati nafasi ya kufanya kazi.

Bakteria walio kwenye ukoga, ule utando unaonata juu ya meno, hula sukari na kutoa asidi. Dakika chache baada ya kitu kitamu kuingia mdomoni, kipimo cha pH kwenye ukoga hushuka, yaani asidi huzidi. Kikiwa chini ya 5.5 hivi, kalsiamu na fosfeti huanza kutoka kwenye ganda gumu la jino. Mate ndiyo yanayookoa hali. Huosha sukari, hupunguza makali ya asidi, kisha hulirudishia jino madini liliyopoteza. Kazi hiyo huchukua kama nusu saa, pengine saa nzima. Mtoto akipiga funda jingine la juisi kabla haijaisha, inaanza upya.

Kwamba sukari ya mara kwa mara ndiyo inayoumiza jino zaidi, tulilijua kwa njia ya aibu. Katika miaka ya 1940, kwenye hospitali ya Vipeholm huko Lund, Sweden, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa tofi za kunata kati ya milo ili madaktari waone meno yanavyooza. Hawakuombwa ridhaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954: sukari iliyoliwa pamoja na chakula iliharibu meno kidogo, ile ya kunata iliyoliwa kati ya milo iliyaharibu vibaya. Watu wale waliumia ili sisi tujue hili, na inaniuma kuona bado tunahesabu vijiko vya sukari peke yake bila kuhesabu ni mara ngapi kwa siku inagusa jino.

Basi anza na usiku, maana ndiko kwenye hatari kubwa. Mtoto akilala, mate hupungua sana. Maziwa au uji uliobaki mdomoni hukaa pale pale hadi alfajiri. Meno ya mbele ya chini hukingwa na ulimi na mate ya tezi zilizo chini yake, lakini ya juu hayana mlinzi, ndiyo maana hutangulia kuoza. Mpigishe mswaki baada ya chakula cha mwisho, na baada ya hapo asipewe kitu isipokuwa maji. Kama amezoea chupa kitandani, usimkatishe ghafla mkakesha nyumba nzima. Acha kutia sukari kwanza, kisha ongeza maji kidogo kila usiku mpaka chupa iwe maji matupu.

Mama anayenyonyesha asitishike. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka miwili na zaidi, na maziwa ya mama si adui wa meno. Lakini mtoto aliyekwisha kuota meno, anayenyonya mara nyingi usiku na kula vya sukari mchana, anahitaji meno yasafishwe kabla ya kulala. Kazi hiyo ianze jino la kwanza linapochomoza, kwa kawaida karibu na miezi sita.

Mchana, panga saa. Milo mitatu na vitafunio mara mbili vinamtosha mtoto mdogo, na katikati ni maji. Kitamu kikiwepo, kiliwe pamoja na mlo au mara tu baada yake, wakati mate bado yanatoka kwa wingi. Hata tende za Ramadhani, kashata na visheti vina nafasi hapo, mtoto akimalizia na maji. Usimwachie kikombe chenye mfuniko akakizungusha nyumbani kutwa, labda kama kina maji. Na hapa kaeni kikao cha familia: bibi, dada wa kazi, kaka wakubwa, kila anayempa mtoto kitu mkononi ajue mpango. Ratiba ya mama peke yake haifiki hata saa nne asubuhi.

Kiasi nacho kina maana. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,200 hivi, asilimia 5 ni gramu 15, yaani hata vijiko vinne vya chai havifiki. Soda moja ya mililita 300 kwa kawaida hubeba karibu maradufu ya hiyo. Chungwa zima ni bora kuliko juisi yake. Uji uutie maziwa, karanga zilizosagwa laini, au ndizi mbivu iliyopondwa, na sukari uipunguze wiki hadi wiki. Ulimi wa mtoto utazoea.

Lishe huingia pia kwa mlango mwingine ambao hatuuzungumzii vya kutosha. Mtoto mwenye utapiamlo hutoa mate machache, na meno yanayojengwa wakati wa utapiamlo hutoka na ganda lenye kasoro ambalo asidi hulipenya kwa urahisi. Mayai, maharage, dagaa waliosagwa pamoja na mifupa yao, maziwa, mchicha na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinajenga jino kabla halijatoka kwenye ufizi. Vyakula vya kutafuna huamsha mate. Aliyefika miaka mitano mpe tango, karoti au mahindi ya kuchoma. Mdogo zaidi apewe vilivyopikwa vikalainika, na karanga nzima zisikaribie mdomo wake, zinapalia.

Angalia pia kinachokausha mdomo. Mtoto mwenye pua iliyoziba hulala mdomo wazi, na baadhi ya dawa za mafua na mzio hupunguza mate. Dawa nyingi za maji za watoto zina sukari, kwa hiyo muulize mfamasia kama ipo isiyo nayo. Kama haipo, na maelekezo yanaruhusu, mpe wakati wa mlo na si baada ya mswaki wa usiku.

Dawa ya meno iwe na floraidi, maana ndiyo inayoyasaidia mate kurudisha madini kwenye jino. Chini ya miaka mitatu, punje ya mchele inatosha. Kuanzia mitatu hadi sita, punje ya njegere. Ateme povu bila kusukutua. Mtu mzima amshikie mswaki mpaka afike miaka saba au minane. Wanaoishi Arusha, Kilimanjaro au Nakuru, ambako maji ya visima na chemchemi nyingi yana floraidi kupita kiasi, na magadi ya kupikia huongeza nyingine, wawaulize wataalamu wa meno wa eneo lao kwanza.

Mara moja kwa mwezi, keti mwangani, mlaze mtoto kichwa mapajani na uinue mdomo wa juu. Ukiona mstari mweupe kama chaki karibu na ufizi, jino limeanza kupoteza madini, lakini bado linarudi. Mpeleke kliniki wiki hiyo hiyo. Ukiona shimo, bado kung'oa si njia pekee. Kuna dawa ya maji yenye fedha na floraidi, iliyoingia mwaka 2021 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, inayosimamisha uozo ingawa huacha doa jeusi. Kuna pia kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba, bila mashine na mara nyingi bila sindano, njia iliyoanza Tanzania katikati ya miaka ya 1980.

Na yeyote atakayekwambia kuharisha au homa ya mtoto inatokana na "meno ya plastiki" yanayopaswa kuchimbuliwa kwenye ufizi, usimpe mtoto wako. Kinachochimbuliwa ni chipukizi la jino halali, na mtoto anaweza kuvuja damu au kupata maambukizi yakamuua. Kuharisha kuna tiba zahanati.

Akikaribia miaka sita, chungulia nyuma kabisa ya magego ya utotoni. Gego la kwanza la ukubwani hutoka hapo kimya kimya bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hulidhani la utotoni. Mswaki ulifikie, na uulize kliniki kama wanaweza kuziba mifereji yake kabla haijaanza kutoboka.