Sally Gunnell, Binti wa Mkulima Aliyeruka Viunzi

Wasomaji wetu, leo tunasoma habari za mwanamke wa Uingereza, Sally Gunnell. Alizaliwa mwaka 1966 katika jimbo la Essex. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alikulia shambani. Sifa yake ilitoka kwenye mbio za kuruka viunzi.

Viunzi ni nini? Ni vizuizi vinavyosimamishwa njiani. Mkimbiaji huviruka huku anakwenda mbio. Katika mita 400 za wanawake viko viunzi 10. Kimo cha kila kimoja ni sentimita 76 hivi, kama meza.

Haya, tushike kalamu. Toka mwanzo mpaka kiunzi cha kwanza ni mita 45. Kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35, na nafasi hizo ziko 9. Toka kiunzi cha mwisho mpaka mwisho wa mbio ni mita 40.

45 + (35 × 9) + 40 = 400

Katika viunzi, Sally alianza na mbio fupi, mita 100. Mwaka 1986 alipata dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh. Baadaye akahamia mita 400. Huko hakufika juu kwa siku moja. Olimpiki ya Seoul, mwaka 1988, alikuwa wa tano.

Mwaka 1991 alikwenda Tokyo kwenye mashindano ya dunia. Tatyana Ledovskaya wa Muungano wa Kisovyeti alishinda kwa sekunde 53.11. Sally alitumia sekunde 53.16. Tukitoa, tofauti ni 0.05. Yaani gawa sekunde moja mafungu 100, uchukue matano tu. Hata kufumba na kufumbua kunazidi hapo!

Je, alikata tamaa? Hata kidogo. Alirudi mazoezini. Mwaka 1992 akachukua dhahabu ya Olimpiki, Barcelona.

Mwaka 1993 yakaja mashindano ya dunia ya Stuttgart, Ujerumani. Kwenye kiunzi cha mwisho Sandra Farmer-Patrick wa Marekani alikuwa mbele. Zimebaki mita 40 tu. Sally akamkimbiza, akampita karibu kabisa na mwisho. Sally sekunde 52.74, Sandra 52.79. Tofauti ni ile ile, 0.05! Rekodi ya dunia ilikuwa 52.94. Wote wawili waliipita, lakini dhahabu ni moja.

Mwaka 1994 alishinda Ulaya na Jumuiya ya Madola pia. Halafu aliumia mguu. Olimpiki ya Atlanta, mwaka 1996, hakumaliza mbio. Mwaka 1997 akastaafu.

Tunajifunza nini? Kitu kidogo kilimnyima ushindi, na kitu kidogo kama hicho kilimpa. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

MASWALI
1. Katika mita 400 kuna viunzi vingapi?
2. Mwaka 1993 Sally aliipita rekodi ya zamani kwa kiasi gani?
3. Wewe ulipokosa jambo kwa kidogo, ulifanya nini? Andika sentensi tatu.