Sauti Nzito, Sanduku Jepesi

Barabara itokayo Iringa kwenda Mbeya hupita Mafinga, Makambako, Igawa na Uyole, na urefu wake unazidi kilomita 300. Mpiga gitaa la besi asafiriye njia hiyo kwenda kupiga katika harusi au tamasha la kwaya hubeba gitaa lenye uzito wa kilo 4 hivi. Lakini sanduku la spika litakalolifanya gitaa hilo lisikike ukumbini aghalabu huwa na kilo 40 au zaidi. Sanduku hilo hupandishwa kwenye basi, hushushwa stendi, hupakiwa katika bajaji, kisha hubebwa kwa mikono hadi jukwaani. Usiku wa manane, muziki unapokwisha, kazi yote hurudiwa.

Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi nyingi za dansi nchini Tanzania zilikuwa mali ya mashirika, vyama na majeshi. Mjini Iringa, kwa mfano, bendi ya Tancut Almasi ilikuwa chini ya kiwanda cha kukata almasi. Vyombo vya bendi za namna hiyo vilikuwa vya mwajiri. Siku hizi wapigaji wengi hujinunulia vyombo vyao, na kwaya za makanisa hununua vyao kwa michango ya waumini. Kwa hiyo uzito wa sanduku umekuwa gharama ya mtu mwenyewe: hulipwa kwa nauli ya mzigo, na hulipwa kwa mgongo.

Madukani sasa kuna masanduku ya besi yenye kilo 15 hadi 20 tu. Wanunuzi huuliza: je, sanduku jepesi laweza kutoa sauti sawa na lile zito, au pamoja na uzito imeondolewa na sauti? Jibu la swali hili halihitaji zaidi ya fizikia inayofundishwa katika shule za sekondari.

Nyenzo iliyomo mgongoni

Mtu anapoinama kuokota sanduku, uti wa mgongo wake hufanya kazi kama nyenzo. Egemeo liko karibu na kiuno. Mzigo uko mikononi, umbali wa sentimita 40 hivi kutoka egemeo. Jitihada hutolewa na misuli ya mgongo, ambayo iko umbali wa sentimita 5 tu kutoka egemeo hilo hilo.

Kwa sanduku la kilo 40, mzigo ni nyutoni 400. Kwa kanuni ya momenti, 400 × 40 = jitihada × 5. Jitihada ni nyutoni 3,200, yaani sawa na uzito wa kilo 320. Kwa sanduku la kilo 18 jitihada hushuka hadi nyutoni 1,440. Hesabu hii haikuhesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe, wala mkao wa mbebaji. Hata hivyo yaonyesha wazi kwamba kila kilo inayopunguzwa sandukuni humwondolea mbebaji mara nane ya kilo hiyo mgongoni.

Kwa nini besi huhitaji sanduku

Waya mnene kuliko wote katika gitaa la besi la nyuzi nne hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, yaani masafa yake ni hezi 41. Katika hewa ya nyuzijoto 15 za Selsiasi sauti husafiri mita 340 kwa sekunde. Urefu wa wimbi ni 340 ÷ 41, karibu mita 8.3. Wimbi hilo hutolewa na spika yenye kipenyo cha sentimita 30 tu.

Kiwambo cha spika kinaposukuma hewa ya mbele, papo hapo huivuta hewa ya nyuma. Spika ikiachwa wazi bila sanduku, hewa iliyosukumwa mbele huzunguka ukingo na kujaza pengo la nyuma, na mawimbi hayo mawili huuana. Sauti nyembamba hupona, kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi. Sauti nzito hupotea. Sanduku huwekwa ili kuyatenga mawimbi hayo, na pia ili hewa iliyofungiwa ndani isaidiane na kiwambo kama springi. Kwa hiyo vitu vitatu vina kazi sandukuni: spika, kuta, na hewa. Yafaa kuvipima kimoja kimoja.

Sumaku

Nyuma ya kila spika kuna sumaku, na katika uga wake hucheza koili iliyogundishwa kwenye kiwambo. Kwa miaka mingi sumaku hizo zimekuwa za feriti, kitu kinachofanana na udongo wa kuchoma na chenye chuma ndani yake. Feriti ni rahisi kwa bei, lakini nguvu yake ni ndogo, hivyo huhitajika nyingi. Spika ya inchi 12 yenye sumaku ya feriti aghalabu huwa na kilo 4 hadi 8.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wawili, Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walitengeneza sumaku ya neodimi, chuma na boroni. Katika fomula ya mchanganyiko huo mna atomi 2 za neodimi, 14 za chuma na 1 ya boroni. Kwa ujazo ule ule, sumaku hiyo huweka nishati takriban mara 10 ya ile ya feriti. Densiti yake ni kubwa zaidi, gramu 7.5 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 5 hivi za feriti, lakini kiasi kinachohitajika ni kidogo sana. Spika ya inchi 12 yenye sumaku ya neodimi huwa na kilo 2 hadi 4.

Koili haitambui sumaku imetengenezwa kwa kitu gani. Nguvu inayoisukuma hutegemea nguvu ya uga, urefu wa waya na kiasi cha mkondo wa umeme. Uga ukiwa sawa, na kiwambo kikiwa sawa, sauti itakuwa sawa. Ila jambo moja halina budi kuangaliwa, nalo ni joto. Kati ya wati 100 zinazoingia katika spika, kwa kawaida hazizidi 5 zinazotoka kama sauti. Zilizobaki huwa joto. Sumaku za neodimi za aina ya kawaida huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80 za Selsiasi, na nguvu hiyo yaweza isirudi yote zikipoa. Feriti huvumilia joto zaidi. Kwa hiyo anayeendesha spika nyepesi kupita kiwango chake kwa saa nyingi huhatarisha sumaku pamoja na koili.

Kuta

Kazi ya ukuta ni kukaa kimya. Ukuta unaotikisika hutoa sauti yake wenyewe na kuila nguvu iliyokusudiwa kiwambo. Wengi hudhani kwamba ukuta mtulivu hapana budi uwe mzito. Kwa kweli kinachohitajika zaidi ni ukakamavu, yaani uwezo wa kukataa kupinda.

Ukakamavu wa ubao hutegemea unene wake ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ubao wa milimita 12 una (12 ÷ 18)³ ya ukakamavu wa ubao wa milimita 18 wa namna ile ile, yaani karibu 0.3. Hiyo ni hasara kubwa. Lakini ukakamavu huongezeka pia urefu usioegemezwa unapopungua, nao kwa kipeo cha tatu. Ukitiwa ufito katikati, ukashikamana na ukuta wa upande wa pili, urefu huwa nusu na ukakamavu huzidi mara 8. Basi 0.3 × 8 ni 2.4: ubao mwembamba wenye ufito hushinda ule mnene usio nao.

Faida ya uzito yaweza kuhesabiwa. Sanduku la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 lina eneo la kuta la mita za mraba 1.48. Likitengenezwa kwa ubao wa unga wa mbao wenye milimita 18 na densiti ya kilo 700 kwa mita ya ujazo, kuta zitakuwa na kilo 18.6. Likitengenezwa kwa plaiwudi ya msindano yenye milimita 12 na densiti ya kilo 550, zitakuwa na kilo 9.8, ukiongeza kilo 1 ya fito, ni kilo 10.8. Karibu kilo 8 zimeondoka, na sauti haikuguswa.

Hewa

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa kudhani kwamba sanduku jepesi na sanduku dogo ni kitu kimoja. Josef Anton Hofmann, mmoja wa waasisi watatu wa kampuni ya KLH iliyoanzishwa Marekani mwaka 1957, alieleza uhusiano ambao mafundi wa spika huuita kanuni ya chuma. Ufanisi wa spika hulingana na ujazo wa sanduku ukizidishwa na kipeo cha tatu cha masafa ya chini kabisa yanayotakiwa. Maana yake ni kwamba udogo wa sanduku, kina cha besi na ukubwa wa sauti haviwezi kupatikana vyote vitatu kwa pamoja.

Ujazo ukipunguzwa nusu, kutoka lita 100 hadi 50, na kina cha besi kikabaki vile vile, ufanisi hushuka nusu. Amplifaya ya wati 300 itahitaji kuwa ya wati 600. Vivyo hivyo, mtu akitaka sanduku lile lile lishuke kutoka hezi 50 hadi 40, ufanisi utakuwa (40 ÷ 50)³, nao pia ni karibu nusu. Wati za ziada huongeza joto katika koili, na joto, kama ilivyokwisha elezwa, ndilo adui wa neodimi. Sumaku yaweza kubadilishwa, mbao zaweza kubadilishwa, lakini lita za hewa hazina mbadala.

Nyanda za juu zina swali lao wenyewe: je, hewa nyembamba ya Mbeya, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hudhoofisha besi? Densiti ya hewa huko ni pungufu kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 15 au zaidi kidogo, na ufanisi wa spika hupungua kwa kadiri hiyo. Upungufu huo haufikii dessibeli 1, nao ni vigumu kutambuliwa na sikio.

Amplifaya

Amplifaya nazo zimepungua uzito. Ampeg SVT ya mwaka 1969, iliyotoa wati 300 kwa valvu, ilikuwa na zaidi ya kilo 35. Zile za siku hizi zenye uwezo kama huo nyingi hazizidi kilo 3. Transista zake huwashwa na kuzimwa mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde badala ya kuachwa nusu wazi, hivyo karibu asilimia 90 ya umeme hufika kwenye spika. Umeme wa hezi 50 wa ukutani nao hugeuzwa kwanza kuwa wa masafa makubwa, na kwa sababu hiyo transfoma ndogo hutosha.

Msitu na mlima

Sanduku jepesi huingia nchini kutoka ng'ambo, lakini asili yake haiko mbali na barabara ile ile ya Iringa na Mbeya. Huko Mufindi, mkoani Iringa, uko msitu wa kupandwa wa Sao Hill, ulio mkubwa kuliko yote ya Serikali nchini, wenye misindano na mikaratusi. Na Mafinga kuna viwanda vya plaiwudi. Kaskazini ya jiji la Mbeya, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, uko mlima wa Ngualla, ambao mawe yake yana neodimi kwa wingi. Leseni maalumu ya uchimbaji wa hapo ilitolewa mwaka 2023.

Kati ya jiwe na sumaku kuna hatua nyingi: kusaga, kutenga madini, kutenga elementi moja moja, kuyeyusha, kubana na kutia usumaku. Hatua za mwisho kwa sehemu kubwa hufanywa Uchina. Seremala wa Iringa hahitaji kungoja hatua hizo zije. Kuta ni nusu ya kazi, na kuta aweza kuzijenga leo kwa plaiwudi ya karibu, mradi aichague isiyo na mianya kati ya tabaka, atie fito, azibe viungo kwa gundi, na asimwibie mpigaji lita za hewa.

Jaribio

Mwalimu atwae rula mbili za mbao, moja yenye unene unaokaribia mara mbili ya nyingine. Kila moja iwekwe juu ya vitabu viwili vilivyoachana sentimita 24, na itundikwe mzigo wa gramu 500 katikati. Wanafunzi wapime kila rula imepinda milimita ngapi. Kisha vitabu visogezwe vibaki sentimita 12, na upimaji urudiwe. Matokeo yalinganishwe na kanuni ya kipeo cha tatu.

Maswali

1. Sanduku lina kilo 25, nalo limeshikwa sentimita 40 kutoka egemeo la mgongo. Tafuta jitihada ya misuli iliyo sentimita 5 kutoka egemeo. Sanduku likikumbatiwa karibu, sentimita 20 tu, jitihada itakuwa kiasi gani?
2. Waya wa tano wa besi hutikisika mara 31 kwa sekunde. Tafuta urefu wa wimbi lake.
3. Muuzaji asema kwamba sanduku lake la lita 30 lina besi ya kina na ukubwa wa sauti sawa na lile la lita 120, kwa amplifaya ile ile. Eleza kwa nini hapaswi kuaminiwa.
4. Katika fomula ya mchanganyiko wa neodimi, chuma na boroni, tafuta asilimia ya neodimi kwa masi. (Nd = 144, Fe = 56, B = 11.)
5. Jadilini: ni hatua zipi kati ya mawe ya Ngualla na sumaku zingefaa kufanyika nchini, na zinahitaji elimu ya namna gani?