Kuhama: Msiba Usio na Matanga

Kila mwaka familia nyingi katika parokia zetu huhama. Wapo wanaopata uhamisho wa kikazi, wapo walioongezewa kodi na mwenye nyumba, wapo waliomaliza kujenga na sasa wanaingia kwao, na wapo wazee wanaochukuliwa na watoto wao kwenda kuishi mjini. Mwaka 2016, Serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma, jambo lililokuwa limeamuliwa tangu mwaka 1973, familia nyingi za watumishi zilifungasha mizigo Dar es Salaam na kwenda kuanza upya.

Anayehama hupewa hongera. Pole hapewi. Kwa hiyo anapojikuta analia jikoni wiki ya pili, huona aibu, hasa kama nyumba mpya ni nzuri kuliko ya zamani. Wengine husema nyumba ina mkosi, au jirani ana jicho baya. Wengine hulaumiana ndani ya nyumba. Katika somo hili tunapenda kuonyesha kwamba huzuni hiyo ina sababu zake, na kwamba familia inayozijua sababu hizo huacha kugombana na kuanza kupona.

Kwa nini kuhama kunaumiza?

Tunapohama hatuachi kuta tu. Tunamwacha mwenye duka aliyekuwa akitukopesha unga hadi mwisho wa mwezi, jirani aliyekuwa akimwangalia mtoto tunapokwenda sokoni, njia ambayo miguu yetu iliijua hata gizani, na pengine makaburi ya wazazi. Kila kimoja ni kidogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha. Kila tukio lilipewa alama kulingana na jinsi linavyomlazimu mtu kujizoeza upya. Kufiwa na mume au mke kulipewa alama 100. Kuhama makazi kulipewa 20 tu. Lakini tuendelee kuhesabu. Mabadiliko ya hali ya kuishi ni alama 25, ya shughuli za kanisa 19, ya shughuli za kijamii 18, ya usingizi 16, na ya ulaji 15. Anayehama anaweza kuyapata yote kwa mwezi mmoja, na jumla yake ni 113. Hatusemi kwamba kuhama ni sawa na kufiwa. Alama hizi ni makadirio tu. Tunasema kwamba mizigo midogo ikijumlishwa huwa mzigo mzito.

Kila mtu huumia kwa namna yake

Watoto wadogo. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita anaweza kurudia kukojoa kitandani, kung'ang'ania nguo ya mama, au kukataa kulala peke yake. Asichapwe wala kuchekwa. Huyo hana maneno ya kusema, ndiyo maana anasema kwa mwili. Wa shule ya msingi huumwa tumbo asubuhi za shule, lakini Jumamosi ni mzima. Baadhi hufikiri familia imehama kwa kosa lao.

Vijana. Hawa wanapoteza marafiki katika umri ambao rafiki ni kila kitu. Hununa, hujibu kwa mkato, au hujifungia na simu. Tusiharakishe kuita utovu wa adabu.

Mume na mke. Mara nyingi aliyehamishwa kikazi hukuta ofisi, wenzake na mazungumzo ya saa nne ya chai. Mwenzake aliyemfuata ameacha genge lake, upatu wake na wenzake wa WAWATA, na mchana kutwa yuko na maboksi. Jioni mmoja amechoka kuongea, mwingine hajaongea na mtu tangu asubuhi. Hapo ndipo ugomvi huanza, na hapo ndipo wengine huanza kutafuta faraja kwenye pombe.

Wazee. Hawa ndio tunaowasahau zaidi. Mama aliyeishi miaka hamsini kwenye kihamba chake huko Rombo, akaletwa Dar es Salaam, anakula vizuri na kutibiwa vizuri. Lakini hana mgomba wa kupalilia, hana wa kuzungumza naye Kichagga mchana, na wajukuu wako shule. Watoto wake hushangaa kumwona ananyong'onyea. Usiku huamka asijue choo kiko upande gani, na anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga.

Tufanye nini?

1. Kabla ya kuhama, tuwaambie watoto ukweli. Tusiwadanganye kwamba tunakwenda kutembea. Tuwape nafasi ya kuaga walimu, marafiki na majirani. Mzee apelekwe kuaga makaburi na shamba lake.

2. Tusifungashe dawa chini ya mizigo. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, kifafa au anayetumia dawa za VVU achukue dawa za kutosha na barua ya uhamisho kutoka kituo anachotibiwa. Kadi ya kliniki ya mtoto ikae kwenye mkoba wa mama.

3. Siku ya kwanza tutandike vitanda kabla ya kupanga sebule. Usiku ule tule chakula tulichozoea, kwa saa tuliyozoea, na tusali pamoja kama tulivyozoea. Mazoea madogo huuambia moyo kwamba bado tuko nyumbani.

4. Mzee aje na kigoda chake, kikombe chake na blanketi lake, hata kama ni kuukuu. Njia ya choo iwe na mwanga usiku. Apewe kazi: kuchambua mchicha, kuotesha mboga kwenye ndoo, kumfundisha mjukuu lugha ya kwao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kazi humtoa mtu katika ugeni.

5. Tujitambulishe kwa majirani, kwa balozi na kwenye jumuiya ndogo ndogo mapema, kabla hatujapatwa na shida. Na sisi wenyeji tusingoje mgeni abishe hodi kwetu. Tumpelekee ndoo ya maji na kumwonyesha zahanati ilipo.

6. Tupeane ruhusa ya kusema, "Nimekumbuka kule," bila kuambiwa, "Huna shukrani."

Lini twende hospitali?

Kwa wengi huzuni hii hupungua kadiri miezi inavyopita. Lakini mtu akikosa raha kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hali wala halali vizuri, na kazi zimemshinda, huenda ni sonona. Huo ni ugonjwa unaotibika, na aonwe na mganga. Asijinunulie dawa za usingizi. Anayesema heri afe asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mzee akichanganyikiwa ghafla, tusisingizie ugeni. Huenda ana maambukizi au amepungukiwa maji. Vilevile homa isiitwe uchovu wa safari. Aliyekulia kwenye baridi kama Makete, akahamia pwani, mwili wake haujazoea malaria na anaweza kuzidiwa haraka. Apimwe mapema, na alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza.

Maswali ya kujadiliana katika familia na jumuiya

1. Kila mmoja wetu ataje kitu kimoja alichokiacha alipohama. Je, wengine walikijua?
2. Katika jumuiya yetu ni nani aliyehamia mwaka huu? Ni nani amekwisha ingia nyumbani kwake?
3. Kama tuna mzee tuliyemleta kutoka kijijini, tumempa kazi gani ya kufanya?