Serveri ya MySQL Ikikataa Kurudi



Wiki iliyopita mashini ya sekretaria ilitutokesha jasho. MySQL 8.0, yenye kuchunga alama zetu, ilikataa kuamka. Sisi wa mwaka wa mwisho tukasema: tuitoe, tuiweke upya. Tulifuta dosie yake ya Program Files kwa mkono, kisha tukatoa programu kwa Control Panel. Hapo ndipo tulikosa. Kuiweka upya, inakataa: jina MySQL80 liko na mwenyewe!

Mutu anaweza kuuliza, mwenyewe gani, na tumefuta yote? Windows iko na registre yake ya maservisi. Ni kama mwanafunzi aliyehamia Sake: kiti ni tupu, lakini asubuhi jina lake lingali linaitwa.

Muzee sekretere alituuliza moja tu: "Batoto, alama ziko wapi?" Mwenzetu mmoja alikuwa tayari kufuta C:\ProgramData\MySQL. Tulimushika mukono. Dosie hiyo imefichwa, na ndani yake mna Data, ni kusema alama zote. Tuliikopia nzima kwa flashi (nzima, maana ibdata1 na mysql.ibd zikibaki nyuma, meza hazisomeki), halafu ile ya mashini tukaibadilisha jina.

Kisha tulifungua cmd kama administrateri, tukaandika:

sc delete MySQL80

Ikajibu 1072: servisi imetiwa alama ya kufutwa, lakini haijafutwa. Sababu? Dirisha la Services lilikuwa wazi. Tulilifunga, tukazima mashini na kuiwasha, jina likatoka.

Tukaanza tena. Sasa lawama ikahamia kwa porti 3306! Tuliandika netstat -ano, tukaona namba ya programu yenye kuikalia: ilikuwa mysqld ya XAMPP, tuliyoweka siye wenyewe kwa mazoezi, na inaamka pamoja na mashini. Kumbe njo ile ilizuia serveri tangu mwanzo. Faili ya .err ndani ya Data ilikuwa imeandika vile, hakuna aliyeisoma.

Tulisimamisha XAMPP, tukaweka MySQL ya versioni ileile, tukaisimamisha, tukarudisha Data ya zamani, tukaiamsha. Neno la siri ni lile la zamani, si jipya. Hapo tulipoteza nusu saa bure. Muzee alifungua darasa la kwanza, akahesabu majina na kidole mupaka mwisho. Yote yalikuwamo.