Mtoto akilazwa, mzazi ana kazi wodini

Ndugu mzazi, mtoto wako akilazwa katika kituo cha afya cha Mukuju, au akipewa rufaa kwenda Tororo, usikae kando ya kitanda kama mgeni. Muuguzi mmoja ana watoto wengi. Wewe una mmoja, na unamjua. (Uingereza wazazi walikuwa wakizuiwa wodini, mpaka ripoti ya serikali ya 1959 iliposhauri waruhusiwe.)

Malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesunate: ya kwanza mara moja, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24. Zishike saa hizo. Muda ukipita, mkumbushe muuguzi kwa upole; huko si kukosa adabu. Mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, ita muuguzi. Akishindwa kunyonya au kuamka, ita vilevile, hata usiku wa manane.

Anayeharisha, kama hajafika miaka 2, mpe maji ya ORS robo hadi nusu kikombe cha chai kila baada ya choo, kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, uendelee polepole.

Dripu usiiguse. Dawa ya kienyeji usimpe kwa siri, sema, hutagombezwa.

Baba nawe, pokezana na mama. Akisinzia, nani atasikia pumzi ya mtoto?

Lugha ya wodini ikikushinda, tuite sisi wahudumu wa afya wa kambini tukutafsirie.